Mrututu, Chokaa na Kisu

Dawa ikishachanganywa, fundi hakimbilii bomba. Anachukua kisu cha chuma alichokisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, anakitumbukiza kwenye ndoo na kukiacha humo dakika mbili tatu. Akikitoa anakisuuza, kisha anakigeuza juani upande huu na upande ule. Kikiwa bado cheupe, kazi inaweza kuanza. Kikiwa kimevaa utando mwekundu, hata ule mwembamba wa kuonekana kwa shida, dawa ile haigusi jani. Chokaa inaongezwa, kisu kinasuguliwa upya, na jaribio linarudiwa tangu mwanzo.

Fundi huyo ni mzee wa Litumbandyosi, wilayani Mbinga. Ana bustani yake ya nyanya, lakini msimu wa mvua huitwa hadi milimani Umatengo, pande za Nyoni na Maguu, kupiga dawa mibuni ya watu wasiotaka kubahatisha. Siku hizi maduka ya pembejeo yanauza kopa, dawa ya shaba iliyokwisha kuandaliwa, unga wa kwenye pakiti, naye huitumia inapopatikana. Akipata mrututu, yaani salfati ya shaba, na chokaa nzuri, huchanganya mwenyewe kwa njia ya zamani, na hapo ndipo ninapopenda kukaa na kumtazama. Kemia nilifundishwa kwa chaki na ubao. Ukolezo wa mmumunyo na tabia ya elektroni za nje ya atomu nilivijua kama maneno ya mtihani, na sijaona pengine vikishikwa kwa mikono na kuheshimiwa namna ile.

Anaanza na mizani. Dawa hii kwa kawaida ni ya asilimia moja: gramu 10 za mrututu na gramu 10 za chokaa iliyozimwa katika kila lita ya maji. Bomba la mgongoni la lita 15 linataka basi gramu 150 za kila kimoja. Mzee hapimi kwa kiganja wala kwa kisoda, ingawa kisoda ndicho kipimo cha wengi shambani. Mrututu hauji kwa umbo moja. Kuna punje nene na kuna vumbi, na kisoda cha vumbi kina mzigo tofauti kabisa na kisoda cha punje. Mizani yake ni ndogo, ya dukani, na kabla ya kuiamini huijaribu kwa pakiti ya chumvi ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa.

Katika gramu 150 hizo, shaba yenyewe ni robo tu, kama gramu 38. Sehemu nyingine ni salfati na maji. Naam, maji: kila atomu ya shaba ndani ya fuwele imefuatana na molekuli tano za maji, na rangi ya buluu inatokana na namna maji yanavyoizunguka shaba. Ukiupasha mrututu moto kwenye kigae, maji yanatoka na unabaki unga mweupe. Dondoshea maji, buluu inarudi pale pale. Kwa hiyo mtu anayepima mrututu uliopauka anaweka shaba nyingi kuliko anavyodhani, kwa uzito uleule. Mzee hana haja ya kuelezwa hilo. Punje zilizopata weupe juu huzitenga pembeni, na akizitumia anapunguza kidogo.

Mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu, hupiga hesabu kwa upande wake. Moli moja ya mrututu ina uzito wa gramu 249.7, hivyo gramu 10 katika lita ni moli 0.04.

“Babu, dawa yako ni pointi sifuri nne.”

“Mimi naijua kwa gramu, mama. Ila andika, nikisahau utanisomea.”

Anaandika. Katika daftari lake la shule, nyuma ya kazi za darasani, kuna ukurasa wa babu: tarehe, lita, gramu, shamba la nani, mvua ilinyesha saa ngapi baada ya kupiga. Ningependa kila mwalimu wa kemia auone ukurasa huo, kwa sababu umekusanya kitu ambacho wanafunzi wengi hukikosa hata wanapojua kanuni. Ukolezo ni uhusiano wa vitu viwili. Anayeuliza “umeweka dawa kiasi gani?” bila kuuliza “katika maji kiasi gani?” bado hajauliza chochote. Kijiko kimoja kutoka kwenye ndoo iliyochanganywa vizuri kimekolea sawasawa na ndoo nzima. Na ndoo iliyokorogwa vibaya ina ukolezo mwingi kwa wakati mmoja, mwepesi juu na mzito chini, hata kama jumla ya gramu ni sahihi hadi ya mwisho. Mibuni ya kwanza itapata maji, ya mwisho itaungua.

Namna anavyouyeyusha mrututu inastahili kuelezwa polepole. Haumwagi chini ya ndoo. Anaufunga kwenye kitambaa, anakifunga kitambaa kwenye kijiti, anakilaza kijiti juu ya mdomo wa ndoo ili kifurushi kiguse maji kwa juu tu. Mara unaona nyuzi za buluu zikishuka. Maji yaliyopokea mrututu ni mazito kuliko maji matupu, hivyo yanazama yenyewe, na maji matupu yanapanda kuchukua zamu yao kwenye kifurushi. Hakuna anayekoroga. Uzito wa mmumunyo ndio unaokoroga. Ukiutupa mrututu chini, tabaka la maji linaloufunika linakolea hadi kushiba, na likishashiba haliwezi kupokea zaidi, huku maji ya juu yakikaa bure. Lita moja ya maji ya kawaida inaweza kumeza gramu 300 hivi za mrututu, kwa hiyo nafasi ipo tele. Kinachokosekana ni maji na fuwele kukutana. Kile kijiti kinavikutanisha.

Ndoo ni ya plastiki. Zamani ilikuwa chungu. Ya bati hapana, na sababu ni ileile ya kisu, nitaifikia.

Chokaa ina tabia zake. Ikiachwa wazi inavuta kaboni dioksidi ya hewani na kurudi taratibu kuwa jiwe lile lililochomwa, isipokuwa sasa ni jiwe la unga, na kwa macho huwezi kuitofautisha na chokaa hai. Mzee huifunga kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Huikoroga na nusu ya maji yote, huichuja kwenye kitambaa, na huweka tui hilo jeupe pembeni. Nusu nyingine ya maji ina mrututu. Sasa mjukuu anamimina ile buluu ndani ya ile nyeupe, mkondo mwembamba usiokatika, na mzee anakoroga kwa mti bila kusimama.

Kwa nini maji yagawanywe hivyo? Kwa nini wasichanganye vitu vikiwa vizito, kisha waongeze maji? Msichana alimuuliza, nami nilikuwepo.

“Vikikutana vimekolea vinagombana,” alimjibu.

Jibu hilo lina kemia nzuri ndani yake. Shaba na chokaa vikikutana katika maji mengi, punje zinazozaliwa ni ndogo mno, laini, zinazoelea muda mrefu na kushika jani kama ngozi ya pili. Vikikutana vikiwa vizito, punje zinajengeka haraka na kuwa kubwa. Zinazama, zinaziba pua ya bomba, na mvua ya kwanza inazikung'uta. Vitu vilevile, uzito uleule, ukolezo wa mwisho uleule. Tofauti imetokana na ukolezo wa ile dakika vilipokutana. Hata dawa iliyochanganywa vizuri haihifadhiwi hadi kesho, maana punje zake huendelea kukua usiku.

Sasa kisu. Kwa hesabu kavu, gramu 150 za mrututu zinahitaji kama gramu 45 tu za chokaa safi ili shaba yote itoke kwenye mmumunyo na kuwa punje. Mapishi yanasema 150. Ziada hiyo imewekwa kwa kuwa chokaa ya kijijini haina cheti, na huenda sehemu kubwa yake imekwisha kufa mfukoni. Shaba iliyobaki huru majini inaunguza jani. Mzee hana kemikali ya kupimia chokaa, lakini ana chuma, na chuma kinaweza kuulizwa swali moja kwa uhakika: je, ndani ya maji haya bado kuna shaba huru?

Kila atomu ina elektroni zake zimepangwa katika maganda, na mambo mengi ya kemia huamuliwa na zile za ganda la nje. Ni kama kuku wanaolala nje ya banda: hao ndio wa kwanza kuchukuliwa. Kalisiamu ya kwenye chokaa ina elektroni 20, zimepangwa 2, 8, 8 na 2, na hizo mbili za nje imekwisha kuzitoa zamani, kabla haijafika dukani. Chuma kina 26, nacho kina mbili nje. Shaba ina 29, na hapa ndipo mwanafunzi wa kidato cha kwanza huchanganyikiwa, maana mpangilio wake ni 2, 8, 18 na 1. Nje kuna moja, lakini shaba ya mrututu imetoa mbili. Ganda la 18 halijafungwa kwa nguvu kama lile la 8, na shaba inaweza kutoa moja ya nje na nyingine ya ndani yake. Kanuni ya darasani ya kuhesabu elektroni za nje inafaa sana kwa sodiamu, kalisiamu na klorini. Kwa shaba na chuma inahitaji subira, na naona ni vizuri mwanafunzi aambiwe hivyo mapema kuliko kuachwa adhani ameshindwa kuelewa.

Kisu kikiingia kwenye maji yenye shaba huru, chuma kinatoa elektroni zake mbili na shaba inazipokea, kwa sababu kati ya hizo metali mbili shaba ndiyo inayozivuta zaidi. Chuma kinayeyuka na kuingia majini bila kuonekana. Shaba, ikiwa imerudishiwa elektroni zake, haiwezi tena kukaa majini. Inakuwa metali na kutua palepale kwenye kisu. Ule utando mwekundu ni shaba halisi, ileile ya nyaya za umeme. Kila gramu 56 za chuma zinazoliwa, gramu 63.5 za shaba zinatua. Kwenye ndoo ya bati zinki ingefanya hivyohivyo, tena kwa haraka zaidi: ndoo ingetoboka, na dawa ingepungua nguvu kabla ya kufika shambani. Chokaa ikiwa ya kutosha, shaba yote imefungwa kwenye punje, hakuna ya kupokea elektroni za kisu, na kisu kinatoka kilivyoingia.

Nimeona maabara zenye vifaa vizuri zikipata majibu mabaya kwa sababu mtu hakusuuza chupa. Mzee husugua kisu kila mara, hata kama amekisugua jana, kwa kuwa kutu na mafuta ya vidole vinaweza kuzuia chuma kugusana na maji na kumpa jibu la uongo. Anashika mpini tu. Anasubiri. Namheshimu sana kwa kule kusubiri.

Njia yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 1882, katika mashamba ya mizabibu ya Médoc, karibu na Bordeaux nchini Ufaransa, mtaalamu wa mimea Pierre-Marie-Alexis Millardet aliona kwamba mizabibu ya kando ya njia ilikuwa na majani mazima, wakati ya ndani imeharibiwa na ukungu ulioingia kutoka Marekani. Wenye mashamba walikuwa wameipaka ile ya njiani mrututu na chokaa ili ionekane mibaya na wapita njia wasiibe zabibu. Millardet alishirikiana na mwanakemia Ulysse Gayon kutafuta vipimo vinavyofaa, na mwaka 1885 wakawa wametangaza dawa yao. Kwa kahawa ya Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilikuwa imechelewa. Kutu ya majani ilionekana huko mwaka 1869, na miaka ya 1880 wakulima walikuwa wameanza kung'oa mibuni na kupanda chai.

Mibuni ya Mbinga ina maadui wawili ambao shaba inawazuia: kutu hiyohiyo ya majani, na chulebuni, ugonjwa uliotambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922, unaoozesha tunda likiwa bado kijani. Shaba haiponyi jani lililokwisha kuugua. Inalinda tu. Umande au mvua ikilowesha ule utando wa buluu, shaba kidogo inaachiwa, kidogo sana, na mbegu ya ukungu inayojaribu kuota hapo inainywa. Ndani yake shaba inang'ang'ania salfa ya kwenye protini, na viungo vya uhai vya mbegu vinasimama. Ndiyo maana dawa lazima imtangulie adui, na ndiyo maana mzee huanza kuhangaika Novemba, maua yakishadondoka na matunda yakianza kunenepa, mvua zikiwa mlangoni. Mteja anayemwita Februari matunda yakiwa meusi anaambiwa ukweli, na hela yake haichukuliwi.

Kabla ya kupiga, hupita shambani na bomba la maji matupu. Anahesabu mibuni ambayo lita 15 zinaitosha kwa mwendo wake, kwa pua hiyo, kwa ukubwa wa miti hiyo. Ni saa nzima ambayo wengi wangeiita ya kupoteza. Lakini ukolezo wa kwenye ndoo hausemi chochote kuhusu kiasi kitakachobaki kwenye jani. Anayetembea haraka anaacha nusu, anayesimama analowesha hadi matone yanadondoka chini, na tone likidondoka limeondoka na shaba. Hataki kuona dawa ikitiririka. Anataka ukungu mwembamba, utulie, ukauke. Na pua ya bomba anaielekeza juu, akiinama, kwa sababu mbegu za kutu huingia kupitia vitundu vya chini ya jani, na anayepiga kutoka juu anapamba mbuni bila kuulinda. Miteremko ya Umatengo ni mikali. Kuinama na lita 15 mgongoni kwenye mteremko ule, mti baada ya mti, ni kazi ya kiuno kweli. Hapigi umande ukiwa bado juu ya majani, kwani maji hayo yanaizimua dawa. Wala hapigi jua la saa sita, kwani tone linapokauka upesi chumvi zake zinakolea ukingoni na kuacha duara la kuungua.

Bomba likiisha linasuuzwa mara tatu, na maji ya kusuuzia yanapigwa kwenye safu ya mwisho ya shamba lilelile. Hayamwagwi kijitoni. Vijito vingi vya milima hii vinaishia Ziwa Nyasa, vingine kwa njia ya Mto Ruhuhu, na ziwa lina mamia ya aina za samaki ambao hawapatikani pengine popote duniani. Katika maji laini, shaba ya sehemu moja tu katika milioni inatosha kuwaua samaki wengi. Mrututu huohuo ulitumika kwa miaka mingi Afrika kuua konokono wa kichocho majini, na uliua viumbe vingine pamoja nao. Ardhini nako shaba haiozi wala haipotei. Udongo wa mashamba ya kahawa Kilimanjaro yaliyopigwa dawa za shaba miaka mingi umepimwa na kukutwa umeilimbikiza, na hili linamfanya mzee awe bahili wa gramu. Mteja akimwambia aongeze “ili ikolee vizuri”, anakataa, na amewahi kuondoka shambani kwa ajili hiyo.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo Ugano, hapohapo Mbinga, na imesambaza aina za mibuni zinazostahimili kutu na chulebuni. Wateja waliopanda upya kwa miche hiyo ameshawaambia wasimwite tena kwa magonjwa hayo mawili. Bado anakwenda kwa wenye miti ya zamani, N39 na KP423, ambayo bila dawa haifiki mavuno salama. Nyanya zake za Litumbandyosi hazina kinga ya namna hiyo, na ukungu wa bakajani chelewa ni wa ukoo mmoja na ule wa mizabibu ya Médoc. Ila kwa nyanya changa hushuka hadi nusu asilimia, gramu 75 za mrututu kwa bomba zima, kwa kuwa jani la mche halijajenga nta ya kutosha juu yake na shaba hulipenya upesi.